Vita vya angani ndani ya kilobaiti 16: kompyuta za zamani zilirushaje ndege?

Barabara inayotoka Dodoma mjini kwenda kaskazini hadi Haneti, wilaya ya Chamwino, inapita kwenye nchi tambarare. Vichaka vya miiba, mbuyu hapa na pale, halafu kilima kinachoibuka peke yake. Wengi wanaijua Haneti kwa krisoprasi, lile jiwe la kijani ambalo rangi yake inatokana na nikeli. Leo tunaitaka kwa jambo lingine kabisa, nalo ni umbo la nchi yenyewe. Uwanda mpana, mstari wa upeo wa macho, vilima vichache. Mtengenezaji wa michezo ya kompyuta wa mwaka 1979 angeyapenda sana mandhari haya, kwa sababu ni kati ya mandhari chache ambazo mashine za wakati ule zingeweza kuyachora.

Kwenye makala hii tutajenga mchezo wa ndege vita kama ulivyojengwa kwenye kompyuta za kwanza za nyumbani, na Haneti ndiyo itakuwa dunia ya mchezo wetu. Usiogope hesabu. Karibu zote ni zile ulizokutana nazo, au utakazokutana nazo, kabla ya kumaliza kidato cha nne. Hilo ndilo jambo ambalo hasa tunataka uondoke nalo.

Tasnifu iliyogeuka mchezo

Mwaka 1975 mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, anayeitwa Bruce Artwick, aliwasilisha tasnifu kuhusu namna ya kuonyesha safari ya ndege kwenye skrini kwa kutumia kompyuta. Tasnifu nyingi, sisi tunajua, huishia kwenye rafu ya maktaba. Yake haikuishia huko. Mwaka uliofuata aliandika mfululizo wa makala za gazetini kuhusu uchoraji wa vitu vya pande tatu kwa kompyuta, na wasomaji wakaanza kuulizia: programu yenyewe inauzwa wapi? Mwaka 1977 akaanzisha kampuni, subLOGIC, na karibu na mwisho wa 1979 toleo la kompyuta ya Apple II likawa tayari. Likaitwa FS1 Flight Simulator.

Ndani yake kulikuwa na ndege moja, dunia ya vigae 36 vilivyopangwa sita kwa sita, milima ya mistari, na mchezo wa vita ulioitwa British Ace. Hapo unakuwa rubani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, unavuka kwenda upande wa adui, na ndege zake zinakuja kukutafuta. Baadaye Microsoft walichukua leseni ya kazi ya Artwick, na toleo la kompyuta ya IBM likatoka mwaka 1982. Ile Microsoft Flight Simulator ambayo watu wanaicheza mpaka leo ni mjukuu wa tasnifu ile.

Sasa swali ni hili: mashine ile iliwezaje?

Kumbukumbu ndogo kuliko ya kutosha makala hii

FS1 iliweza kukaa kwenye Apple II yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, yaani baiti 16,384. Herufi moja ya kawaida inachukua baiti moja. Makala hii peke yake ingekaribia kuijaza kumbukumbu hiyo yote. Ukichukua simu ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 4, imeizidi mashine ile mara 262,144.

Na bado hatujafika pabaya. Picha ya skrini ya Apple II, yenye vinukta 280 kwa 192, ilikuwa inakaa ndani ya kumbukumbu hiyohiyo na kula baiti 8,192. Nusu kamili! Ile nusu iliyobaki ndiyo ya kuweka programu, dunia, ndege yako, adui, risasi, kila kitu.

Programu yenyewe ilikuja kwenye kaseti. Ndiyo, kaseti ileile ya muziki. Data inageuzwa kuwa sauti ya mluzi, unaichomeka redio kaseti kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe cha kucheza, unasubiri. Kwa kasi ya biti 1,500 hivi kwa sekunde, kilobaiti 16 ni kama dakika moja na nusu ya kelele. Tepu ikiwa imelegea au sauti iko chini, unarudisha nyuma na kuanza upya.

Kwa hiyo njia rahisi, yaani kupiga picha za mandhari na kuzionyesha, haipo. Picha moja tu ya ukubwa wa skrini ingemaliza nafasi yote iliyobaki. Ukitaka kilima kionekane kutoka kila upande na kila umbali, huwezi kukihifadhi kama picha. Unakihifadhi kama namba. Kilima cha mistari kinahitaji nukta tano tu: pembe nne za chini na kilele. Kila nukta ni namba tatu: iko umbali gani kulia au kushoto, iko juu au chini kiasi gani, na iko mbele kiasi gani. Jumla ni namba 15 kwa mlima mzima. Kazi ya kuzigeuza kuwa picha inafanywa upya kila mara ndege inaposogea.

Kilima kwenye kioo

Fikiria umekaa ndani ya gari na kioo cha mbele. Kwa kalamu ya kufutika unachora kilima hapohapo kwenye kioo, pale jicho linapokiona. Mstari unaotoka jichoni hadi kileleni unapita kwenye kioo mahali fulani. Hapo zimeundwa pembetatu mbili: ndogo kati ya jicho na kioo, kubwa kati ya jicho na kilima. Pembe zake ni sawa, kwa hiyo pande zake zina uwiano mmoja. Hizi ni pembetatu zinazofanana, somo la kidato cha pili.

Kutokana na hapo tunapata kanuni moja ambayo ndiyo moyo wa mchezo mzima:

nafasi kwenye skrini = 256 × urefu ÷ umbali

Ile 256 ni umbali wa jicho hadi kwenye skrini, tukiupima kwa vinukta vya skrini. Tungeweza kuchagua namba nyingine, ila hii tumeichagua kwa makusudi, na sababu yake utaiona mbele.

Tuchukulie kilele kiko mita 200 juu ya jicho lako. Ukiwa kilomita 8 kutoka kilimani, kilele kinakaa vinukta 6.4 juu ya katikati ya skrini. Kichuguu tu. Ukifika kilomita 4, ni 12.8. Kilomita 2, ni 25.6. Kilomita 1, ni 51.2. Umeona mwendo wake? Kila umbali ukipungua nusu, kilima kinakua maradufu. Ndiyo maana kitu cha mbali kinaonekana kama hakikui kabisa, halafu ukikikaribia kinakuvamia. Marubani wengi wa michezo hii walipigiza ndege zao milimani kwa sababu hiyohiyo.

Uwanja wa ndege kwa nukta nne

Hebu tufanye kwa mkono. Chukua karatasi ya miraba, weka alama ya katikati na uchore mstari mlalo upite hapo. Huo ni upeo wa macho. Tuweke uwanja wa ndege wa kufikirika kwenye uwanda wa Haneti, upana mita 30, urefu mita 1,200. Wewe uko angani mita 100, umenyooka nao, na unaanzia mita 400 mbele yako. Kwa hiyo unaishia mita 1,600.

Pembe za karibu ziko mita 15 kulia na 15 kushoto, mita 100 chini yako, mita 400 mbele. Kwa pembe ya kulia: 256 × 15 ÷ 400 ni 9.6, na 256 × 100 ÷ 400 ni 64 kwenda chini. Pembe za mbali ziko mita 1,600 mbele: vinukta 2.4 kwa upande na 16 kwenda chini. Weka nukta zote nne, kumbuka zile mbili za kushoto, halafu ziunganishe.

Umepata umbo lililo pana chini na jembamba juu. Sasa weka rula kwenye ubavu wa kulia na uurefushe mstari kwenda juu. Fanya vivyo hivyo kushoto. Mistari yote miwili inakutana katikati, palepale kwenye upeo wa macho. Hukuambiwa uikutanishe. Imekutana yenyewe, kwa sababu kugawanya kwa umbali ndiko kunakofanya barabara ndefu ionekane inachongoka.

Na huo mstari wa upeo wenyewe? Kwenye nchi tambarare ni kama uko mbali kusiko na mwisho, kwa hiyo programu haihitaji nukta zozote kuuhifadhi. Ni mstari mmoja tu, na huo mstari mmoja ndio unaompa rubani habari nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye skrini. Ukishuka chini ya katikati, pua ya ndege imeinuka. Ukipanda, unaelekea ardhini. Ukiinama, ndege imelala upande. Ndiyo maana tukasema uwanda wa Dodoma ungemfaa Artwick. Ukichora mstari mmoja, tayari una nusu ya dunia.

Ndege haigeuki, dunia ndiyo inageuka

Kwenye kioo chako rubani amekaa palepale, anaangalia mbele. Kwa hiyo ndege ikilala kulia nyuzi 30, programu inaigeuza dunia nzima nyuzi 30 kuelekea kushoto. Hapa ndipo saini na kosaini zinaingia. Nukta yenye namba mbili, moja ya mlalo na moja ya wima, inageuzwa hivi:

mlalo mpya = mlalo × kosaini − wima × saini
wima mpya = mlalo × saini + wima × kosaini

Rudi kwenye pembe yetu ya kulia ya karibu, iliyo 9.6 kulia na 64 chini, yaani hasi 64. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5, kosaini ni 0.866. Ukikokotoa unapata 40.3 kulia na 50.6 chini. Fanya hivyo kwa nukta zote nne na uwanja wako utakuwa umelala mshazari, kama unavyoonekana kutoka dirishani ndege inapokata kona kabla ya kutua.

Ndege hasa inageuka kwa namna tatu: kulala ubavu, kuinua au kuinamisha pua, na kubadili uelekeo kulia na kushoto. Ukizichanganya zote tatu, kila nukta inahitaji kuzidisha mara tisa, halafu kugawanya mara mbili ili ifike kwenye skrini. Kwa kompyuta si kitu, eti? Ngoja kwanza.

Kuzidisha bila kuwa na kuzidisha

Chipu ya Apple II, iliyoitwa 6502, haikuwa na amri ya kuzidisha. Kabisa. Z80 ya kompyuta ya Kiingereza ZX Spectrum nayo haikuwa nayo. Zilijua kujumlisha, kutoa, na kusogeza biti kushoto au kulia. Basi.

Kwa hiyo waandishi wa programu walizidisha kwa kujumlisha na kusogeza. Tuchukue 13 × 11. Namba 11 ni 8 + 2 + 1. Kusogeza biti mara moja kushoto ni sawa na kuzidisha kwa 2, mara tatu ni kwa 8. Kwa hiyo 13 × 8 ni 104, 13 × 2 ni 26, 13 × 1 ni 13. Jumla 143. Hakuna kuzidisha kokote, na jibu ni sahihi.

Na hapa ndipo ile 256 inapolipa. Baiti moja ina biti nane, na 2 ikizidishwa yenyewe mara nane ni 256. Kwa hiyo kuzidisha kwa 256 ni kuhamisha namba nafasi moja ya baiti, ni bure kabisa. Hesabu moja nzima imefutika kwa kuchagua namba vizuri.

Saini nayo haikokotolewi, inasomwa kwenye jedwali, kama wazazi wetu walivyosoma kwenye vile vitabu vya jedwali za hisabati shuleni. Duara likigawanywa sehemu 256 badala ya nyuzi 360, pembe yoyote inaingia ndani ya baiti moja. Raha yake ni kwamba baiti ikifika 255 na ukaongeza 1, inarudi 0, kama vile ndege iliyozunguka duara zima na kurudi ilipoanzia. Robo ya jedwali inatosha, namba kama 64 hivi, kwa kuwa robo tatu nyingine ni zilezile zikisomwa kinyumenyume au zikiwekewa alama ya hasi. Kosaini je? Ni saini ileile ukisogea nafasi 64 mbele. Na kwa kuwa chipu haikujua desimali, unaandika kila kitu mara 128: badala ya 0.5 unaweka 64, halafu mwishoni unasogeza biti kulia mara saba.

Pamoja na ujanja wote huo, muda ulikuwa adui mkubwa kuliko ndege za upande wa pili. 6502 ilipiga mizunguko kama milioni moja kwa sekunde. Tukadirie kuzidisha namba mbili za biti 16 kunakula mizunguko 700, na kugawanya 1,000. Nukta moja ni mara tisa 700 na mara mbili 1,000, jumla 8,300. Ni kama nukta 120 kwa sekunde. Ukiwa na dunia ya nukta 40, unapata picha tatu kwa sekunde, na hapo hujachora hata mstari mmoja. Sinema ni picha 24 kwa sekunde.

Kila mlima unaouongeza unaifanya ndege yako iruke kwa kushtukashtuka. Kwa hiyo mtengenezaji hakuwa anajiuliza "niongeze nini?" Alijiuliza "nitoe nini, na mchezaji bado aamini kwamba anaruka?"

Vilivyo nyuma yako

Kuna mtego mmoja ambao kila anayejaribu kuandika programu hii anakutana nao. Kanuni yetu inagawanya kwa umbali wa mbele. Kilima kikiwa sambamba na bega lako, umbali huo ni sifuri, na programu inakwama. Kikishakuwa nyuma yako, umbali ni hasi. Hesabu haikatai. Inakichora kilima mbele yako, kichwa chini miguu juu, kikining'inia chini ya upeo wa macho kama popo.

Dawa yake ni kukata. Kabla ya kugawanya, programu inakagua kila mstari. Kama uko wote nyuma, unatupwa. Kama ncha moja iko mbele na nyingine nyuma, unakatwa pale unapovuka, na kipande cha mbele tu ndicho kinachochorwa. Mstari unaotoka nje ya pande za skrini unakatwa vilevile.

Tatizo lingine waliliacha lilivyo. Milima ile ilikuwa ya waya. Unaona mistari ya upande wa pili kupitia mlima wenyewe, kama tenga. Kuficha mistari ya nyuma kulihitaji muda ambao haukuwepo, na jicho la mchezaji liliizoea haraka.

Hewa ya Dodoma

Mpaka hapa tuna kamera inayoelea. Ili iwe ndege, lazima nguvu nne zikokotolewe: uzito unaovuta chini, nguvu ya kunyanyua inayotoka kwenye mabawa, msukumo wa injini na ukinzani wa hewa.

Nguvu ya kunyanyua inakwenda na kipeo cha pili cha kasi. Punguza kasi nusu, inabaki robo. Hapo ndipo ndege inaposhindwa kujibeba na kuanguka, na wachezaji wengi walilijua hilo kwa uchungu baada ya kuvuta kishikio kupita kiasi. Ukilaza ndege nyuzi 60 na ukataka isishuke, mabawa yanapaswa kubeba mara mbili ya uzito wake. Hii si kanuni ya mchezo. Ndivyo ilivyo kwa rubani yeyote, angani kwetu au kwingineko.

Nguvu hiyo inategemea pia uzito wa hewa yenyewe. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Ili mabawa yabebe mzigo uleule, ndege inahitaji kasi kubwa zaidi kwa kama asilimia 5, na mchana wa joto kali inahitaji zaidi ya hapo. Kwenye programu, hilo ni suala la kubadili namba moja. Kwa rubani halisi ni suala la urefu wa barabara ya kurukia.

Adui ana akili gani?

Ajabu ni kwamba vita vyenyewe ndiyo sehemu rahisi. Ndege ya adui ni kundi lingine la nukta. Ili uichore, tayari umeshajua iko umbali gani kulia, juu na mbele yako. Sasa ukibonyeza kitufe cha risasi, programu inauliza maswali mawili tu: ile namba ya kulia na ile ya juu zote ziko karibu na sifuri? Ile ya mbele iko ndani ya masafa ya bunduki? Kama ndiyo kwa yote, umempiga. Hesabu zilezile za kuchora ndizo zinazoamua nani afe.

Programu yenye makini zaidi inaihesabu pia safari ya risasi. Adui akiwa mita 300 mbele, na risasi ikienda mita 600 kwa sekunde, inachukua nusu sekunde kufika. Kama anakatiza mbele yako kwa mita 50 kwa sekunde, atakuwa ameshasogea mita 25. Lazima ulenge mahali atakapokuwa.

Na akili yake? Sheria chache tu. Mchezaji yuko kushoto, geuka kushoto. Yuko nyuma yako, kata kona. Umeshuka mno, panda. Mwaka 1982, mtaalamu wa programu Sid Meier na Bill Stealey, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani, walishindana kwenye mashine ya mchezo wa ndege vita wa Atari ulioitwa Red Baron. Rubani akashindwa! Meier alimweleza kwamba wakati yeye anacheza alikuwa anazikariri zile sheria ndogo za adui. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni ya MicroProse, na mchezo wao F-15 Strike Eagle ukawa kati ya michezo ya ndege vita iliyojulikana zaidi katika muongo ule.

Kuna kitu ambacho hakuna jedwali linalokiweka, na kwetu hakihitaji maelezo marefu. Wakati FS1 inauzwa, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa ndiyo kwanza vimeisha, na ndege za MiG zilikuwa zimeruka pande zote mbili, Uganda na Tanzania. Kwenye mchezo, adui aliyepigwa ni nukta zinazofutwa ili nafasi ya kumbukumbu itumike tena.

Kwetu mashine hazikufika

Tanzania haikuwa ngeni kwa kompyuta. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, na mashine zikaanza kuingia kwa wingi miaka ya 1990. Pia kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilitumia televisheni kama skrini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Kati ya vifaa vyote vilivyohitajika, tulichokuwa nacho mtaani ni redio kaseti.

Kwa hiyo kuna kizazi kizima Ulaya na Marekani kilichojifunza kuandika programu kikiwa sebuleni, kwa sababu kilitaka kujua ule mlima wa mistari ulikuwa unachorwaje, na wenzao wa umri huohuo wa Dodoma hawakuuona. Hiyo ni hasara, na hatutaipaka rangi.

Lakini angalia tena tulichotumia. Pembetatu zinazofanana, jedwali la saini, kuzidisha kwa kugawa namba kwenye vipande, kipeo cha pili. Mwanafunzi wa sekondari wa mwaka 1979, Haneti au popote, alikuwa na hisabati yote hiyo kwenye daftari lake. Kilichokosekana ni mashine, na mtu wa kumwambia kwamba zile hesabu za ubaoni ndizo zinazorusha ndege.

Mashine sasa zipo mifukoni. Kwa hiyo tunakuachia kazi. Chukua uwanja wetu wa nukta nne, ongeza kilima cha nukta tano kando yake, na uvichore ukiwa mita 800 kutoka mwanzo wa uwanja, halafu 600, halafu 400, kila hatua kwenye karatasi yake. Zipange karatasi, zishike ncha moja na uzipekue haraka kwa kidole gumba. Utaona uwanja ukikujia. Ukiona inakubali, andika mistari ileile kwa lugha yoyote ya programu uliyonayo kwenye simu au kompyuta, kisha ujaribu kuipunguza hadi ikae ndani ya baiti 8,192.